Aliyeiacha Nta Motoni

Mtaani walimwita Kipimo, na jina lenyewe lilimkaa sawasawa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari, na alipostaafu alirudi nyumbani na tabia zake zote. Maji ya chai aliyapima kwa kikombe. Ukimwomba msumari, alikuuliza ukuta ni wa tofali gani. Mkewe alikuwa akisema kwamba siku ya kufa kwake atamtuma malaika arudi kwanza kuchukua rula.

Mishumaa aliianza kwa bahati tu. Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa anafuga nyuki, alimletea bonge la nta kama shukrani, la njano iliyoiva, likinuka asali na moshi. Kipimo aliliweka mezani siku tatu akilizunguka kama paka anayezunguka kitoweo. Siku ya nne akalikata vipande, akaviyeyusha, akavichuja kwa kitambaa cha pamba, akamimina nta kwenye kopo la maziwa lililokwisha. Mshumaa wake wa kwanza ulitoka umepinda na una shimo katikati. Hakukata tamaa. Kufikia mwaka wa pili alikuwa na kalibu, vyombo vya kumiminia nta, sita za bati zilizonyooka kama mabomba, nyingine nne za mpira laini, mafungu ya nyuzi za utambi za unene tofauti, na kipimajoto alichokificha kwenye soksi ili kisivunjike. Nta yake ilitoka laini kama shavu la mtoto, na ikiwaka haikutoa moshi wala kuchuruzika hovyo.

Kila Jumamosi asubuhi majirani wanne watano walikuja jikoni kwake kujifunza. Hapo ndipo ungemwona alivyonawiri. Aliwaonyesha namna ya kupitisha utambi kwenye tundu la chini ya kalibu na kuliziba kwa udongo laini, namna ya kuufunga juu kwenye kijiti ili usilegee, namna ya kungoja nta inywee katikati ndipo uijaze mara ya pili. Lakini somo alilolirudia mpaka watu wakalijua kama sala lilikuwa la moto. Jagi la nta haligusi moto. Linakaa ndani ya sufuria yenye maji, maji ndiyo yanayoipasha. Ukiiweka nta juu ya moto wenyewe itatoa moshi, kisha itawaka kama mafuta ya kukaangia. Na ikiwaka usimwage maji hata siku moja. Zima jiko, funika.

Aliyelishika somo hilo kuliko wote hakuwa mwanafunzi wa Jumamosi. Alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, aliyeingia katika nyumba ile miezi minane tu iliyopita. Yeye na mumewe walikaa katika chumba cha uani wakitafuta pa kuhamia. Alikuwa binti mchangamfu, mwepesi wa kucheka na mwepesi vilevile wa kusahau. Siku moja aliacha bomba wazi mpaka ua ukawa bwawa. Siku nyingine alikwenda dukani kununua chumvi akarudi na sabuni na hadithi ndefu. Mama mkwe wake hakusema sana, lakini alikuwa akiyahifadhi yote kichwani. Jioni, binti alikuwa akivaa miwani ya Kipimo kwenye ncha ya pua, akainua kidole na kukariri kwa sauti nzito: "Zima! Funika! Maji weka mbali!" Nyumba nzima ilivunjika mbavu, na Kipimo mwenyewe alicheka wa mwisho, lakini alicheka kwa muda mrefu kuliko wote.

Sasa, siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Jirani mmoja, fundi cherehani, alikuwa anafungua duka lake jipya Ijumaa, na alimwomba Kipimo mishumaa kumi na miwili ya kupamba meza. Kipimo aliahidi kuikabidhi Alhamisi alasiri. Jumanne alimimina yote kumi na miwili, lakini aliiacha ipoe karibu na dirisha, upepo ukaipiga upande mmoja, na saba kati yake ikapasuka. Jumatano yule mfuga nyuki alichelewa kuleta nta nyingine. Kwa hiyo Alhamisi, saa nne asubuhi, Kipimo alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi, mishumaa saba haijamiminwa, na muda ukimkimbia.

Kuyeyusha kwa maji huchukua karibu saa nzima. Aliitazama saa ya ukutani, akaitazama nta, kisha akafanya jambo ambalo angemfukuza mtu jikoni kwake kama angemkuta akilifanya. Aliiweka sufuria ya nta moja kwa moja juu ya moto. "Mara moja tu," alijiambia. "Na sibanduki hapa."

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wa shule yake ya zamani. Jikoni simu hukatikakatika, basi Kipimo akatoka barazani, akikusudia kusema maneno mawili tu. Lakini mkuu wa shule alikuwa na maneno matamu. Alisema maabara imegeuka ghala la chupa zilizovunjika tangu Kipimo aondoke. Alisema shule haijampata tena mtu makini kama yeye. Nani hapendi kusikia hayo? Kichwa kikamvimba. Akaanza kueleza habari za mishumaa, kalibu zake, wanafunzi wake wa Jumamosi, na jinsi kazi ile inavyotaka mtu asiyekuwa na papara. Baadaye alitazama kwenye simu mazungumzo yale yalichukua muda gani. Dakika kumi na mbili.

Kilichomshtua ni kikohozi. Alipoingia jikoni, moshi mzito ulikuwa umetanda na ukuta wa nyuma ya jiko ulikuwa mweusi mpaka darini. Pazia la dirisha lilikuwa limeungua nusu. Gesi ilikuwa imezimwa. Mkwewe alikuwa amesimama katikati, taulo kichwani, povu la sabuni bado shingoni, amekandamiza mfuniko mkubwa juu ya sufuria kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ameukumbatia kifuani.

"Nimezima, Baba," alisema, meno yakigongana. "Nimefunika. Sikumwaga maji."

Ukweli ni kwamba kitu cha kwanza Kipimo alichokitazama hakikuwa mkono wa yule binti. Alitazama dari.

Kabla hajafungua kinywa, lango la ua likagonga na mkewe akaingia mbio na vikapu vya sokoni, viazi vikimdondoka njiani. "Mungu wangu! Nani ameacha sufuria motoni? Nani?"

Mtu anaweza kuishi miaka sitini na sita bila kujua kwamba ndani yake mna maneno kama yale. Kipimo hakuyapanga. Yalimponyoka tu, kwa sauti yake ileile ya kawaida, tulivu, ya mtu anayesoma namba kwenye chombo.

"Nilimwachia aiangalie."

Binti alimgeukia. Hakumtazama kwa hasira. Laiti ingekuwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya, anayengoja arudiwe. Kipimo hakurudia. Aliinama akaanza kuokota viazi. Na binti, baada ya muda ambao kwa hesabu haukufika hata sekunde tano, akasema, "Nisamehe, Mama. Nilipitiwa."

Hapo ndipo jambo lilipofungwa, na lilifungwa na yeye, si na Kipimo.

Jioni mwanawe aliporudi kutoka ghalani alikofanya kazi, mama yake alimsimulia yote. Wote wanne walikuwa mezani. Kijana alimgombeza mkewe palepale, si kwa kelele, bali kwa yale maneno ya chini yanayokata maini. Alimuuliza kama ana akili timamu. Alimuuliza kama anataka kuwaua wazazi wake. Binti alikula kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umefungwa bandeji toka kiwiko mpaka kiganjani, akasema "ndiyo" na "sitarudia". Kipimo alikuwa na tonge mkononi. Alilipeleka kinywani, akalitafuna, akalimeza, akamega jingine.

Toka siku ile mkewe alimkataza binti kuwasha jiko mtu mzima asipokuwepo. Alilitamka hivyo hivyo, "mtu mzima", mbele ya mwanamke wa miaka ishirini na sita. Habari ilitembea mtaani na kila aliyeipokea aliitia chumvi. Fundi cherehani, aliyefungua duka lake na mishumaa mitano tu, ndiye aliyembandika binti jina la Zimamoto, na likamganda. Binti alilicheka kama walivyolicheka wengine. Lakini miwani ya Kipimo hakuivaa tena.

Kipimo alijaribu kujikosha kwa njia za pembeni, kama wafanyavyo waoga. Alimsifia chai. Alipaka ukuta rangi upya peke yake, dari nayo, akakataa kusaidiwa. Alimpelekea chumbani mshumaa mzuri kuliko yote aliyopata kutengeneza, mrefu, usio na hata ufa wa unywele. Binti aliupokea kwa mkono wa kushoto, akasema asante, Baba. Kesho yake Kipimo alipopita uani aliuona dirishani, haujawashwa. Kesho kutwa vilevile.

Kulikuwa na nyakati alizokaribia kujisadiki. Huenda nilimwambia kweli, aliwaza. Huenda nilipopita mlango wa bafu nilisema "angalia nta". Aliirudia njia yake kichwani, kutoka jikoni mpaka barazani, hatua kwa hatua, akitafuta mahali ambapo angeweza kuyaingiza maneno hayo. Lakini alijijua. Mlango wa bafu haukuwa njiani. Na kila aliposhika kipimajoto aliisoma namba mara mbili akaisahau. Mishumaa ikawa inatoka na mapovu, tambi zimekwenda upande. Alisema ni nta mbaya. Hata nta aliisingizia.

Wiki sita zilipita hivyo. Jumamosi moja walikuja majirani watano, fundi cherehani akiwa mmoja wao. Maji yalikuwa yakitokota taratibu, jagi la nta likielea ndani yake. Kipimo alifika kwenye somo la moto. Alilipitia haraka, macho yake yakiwa kwenye kalibu, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa anayemdai. Mkewe, aliyekuwa akigawa vikombe, akadakia.

"Mnamsikia lakini? Msije mkafanya kama Zimamoto wetu! Mtu anaachiwa nta, anakwenda kujipaka sabuni!"

Wakacheka. Binti alikuwa ameketi kizingitini akimenya viazi, naye akacheka. Kicheko chake kilichelewa kidogo. Kilingoja cha wengine kianze, ndipo nacho kikaingia.

"Kwani siku ile ulikuwa unawaza nini, mwanangu?" fundi cherehani alimuuliza, bila ubaya wowote.

"Mimi?" Binti aliweka kisu chini. "Nilikuwa... Baba aliponiambia niiangalie, nilisema ngoja nioge kwanza haraka haraka, nikajua nta haiwezi..."

Alikuwa anatunga. Kipimo alimsikia akitafuta neno, akiliokota, akilipachika panapofaa, ili uongo wa baba mkwe wake usimame vizuri mbele ya watu. Alikuwa anaufanyia kazi uongo wake kama mtu anayefua nguo za mwingine. Kipimo aliliinua jagi la nta kutoka majini.

"Usijibu," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Usijibu, binti yangu. Sikumwachia." Alilitua jagi mezani. "Sikumwambia kitu. Alikuwa bafuni, hakujua hata kama jiko linawaka. Mimi ndiye niliyeiweka nta juu ya moto, bila maji, kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Mimi ndiye niliyekwenda kuzungumza na simu. Yeye alitoka na povu mwilini akazima na kufunika. Nyumba hii imesimama kwa sababu yake. Na mimi nikasema ni yeye."

Mmoja wa majirani alikuwa anakoroga chai, akaendelea kuikoroga muda mrefu baada ya sukari kuyeyuka.

"Unasema nini, Mzee?" mkewe aliuliza.

"Nasema nilikudanganya."

Walioalikwa wana adabu zao. Mmoja alikumbuka kwamba ameacha mboga jikoni. Wa pili alikumbuka kwamba anamsindikiza wa kwanza. Fundi cherehani ndiye aliyebaki wa mwisho, akahangaika na mkoba wake, akamwendea binti pale kizingitini na kumgusa bega, asijue la kusema, kisha naye akaondoka. Kalibu zao waliziacha tupu mezani.

Binti aliinuka akaenda uani. Kipimo alimfuata. Alikuwa amejiandalia picha ya jambo lile. Alidhani kwamba akishasema, kitu fulani kitatua, na wote wawili watapumua. Akamkuta anaanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

"Baba, ungeniambia mimi kwanza," alisema bila kugeuka.

"Nilitaka wote wasikie."

"Najua. Lakini sasa nimekuwa habari ya mtaa mara ya pili, na mara zote mbili hukuniuliza."

Kipimo akauliza lile lililomkaa rohoni wiki sita. "Kwa nini hukusema?"

Sasa binti aligeuka. "Ningemwambia nani? Wewe ni Kipimo. Mimi ni yule wa bomba. Ungesema hivi na mimi niseme vile, Mama angemwamini nani? Mume wangu angemwamini nani?" Alikunja shati bichi, akalikunjua. "Nilikungoja, Baba. Siku ile nilisema, jioni atasema. Jioni ukala. Nikasema basi, kesho."

Hakulia. Kipimo ndiye aliyelengwa na machozi, na hata hilo lilimwaibisha, kwa sababu aliona wazi kwamba binti sasa anaanza kumhurumia, na huruma ile yeye alikuwa anaiiba.

Mwanawe aliambiwa jioni ile. Kwanza alikwenda chumbani kwa mkewe akakaa huko muda mrefu. Kisha akaja sebuleni, akasimama mlangoni. "Nilimuuliza kama ana akili," alisema. "Mbele yako. Nawe ulikuwa unakula." Akaondoka. Baba na mwana hawakugombana, na ingekuwa afadhali wangegombana. Kwa wiki kadhaa kijana alimwamkia baba yake kila asubuhi kama mtu anayemwamkia mwenye nyumba.

Mkewe alikaa siku mbili bila kusema naye. Siku ya tatu alisema, "Nimezunguka mtaa mzima nikimpaka matope mtoto wa watu kwa mdomo wangu. Umenipa uongo nikautembeza kama karanga." Siku hiyo hiyo alijitanda kanga, akaenda nyumba moja baada ya nyingine kuyarudisha maneno yake. Aliporudi, miguu ikiwa na vumbi, alimwita binti jikoni, akampa kiberiti, akampisha jikoni. Hakuomba radhi kwa maneno. Kwa mwanamke yule, hilo lilikuwa nusu ya radhi, na nusu nyingine ilichukua muda.

Mwisho wa mwezi kijana na mkewe wakapata chumba na sebule mitaa miwili kutoka pale, wakahama. Walikuwa wanatafuta tangu zamani. Hakuna aliyesema kwamba wanahama kwa sababu ya lile. Kipimo alibeba godoro pamoja na mwanawe, yeye mbele, kijana nyuma, wakiambiana tu "kata kushoto" na "inua kidogo".

Palikuwa pamebaki mtu mmoja wa kuambiwa. Mama mzazi wa binti alikuwa amepigiwa simu wiki ile ya moto, akaambiwa na mke wa Kipimo kwamba mwanawe nusura ateketeze nyumba ya watu. Toka hapo, kila Jumapili, mama huyo alimpigia Kipimo kumjulia hali. Afya yake? Kazi za mikono? Mishumaa? Sauti yake ilikuwa ya heshima kiasi kwamba Kipimo alikuwa akijibu amesimama.

Alikwenda kwake asubuhi moja, amevaa koti. Yule mama alikuwa mpiga pasi. Sebule yake ilijaa mashati ya watu kwenye kamba, na katikati meza ndefu iliyotandikwa blanketi. Alimkaribisha kiti, akaomba radhi kwamba hawezi kuacha pasi, wenye nguo wanakuja saa sita. Kipimo akasimulia yote. Hakupunguza. Alieleza simu, mkuu wa shule, dakika kumi na mbili, viazi. Pasi ilikwenda na kurudi. Alipomaliza, yule mama aligeuza kola ya shati, akaibana kwa vidole, akaipitia.

"Najua, mzee mwenzangu," alisema. "Mwanangu aliniambia siku ile ile ya moto, kabla mkeo hajanipigia."

Kipimo alihesabu Jumapili zile moja moja. "Na ulikuwa ukinipigia kunisalimia."

"Ndiyo."

"Ukijua."

"Nilikuwa nakupa nafasi ya kusema." Alilitundika shati, akafunga kifungo cha juu. "Kila wiki nilisema labda leo. Kisha unaniambia mishumaa inaendelea vizuri."

Hakuwa anamsuta. Alikuwa anamweleza tu jinsi ilivyokuwa, kama mtu anayeeleza njia. Kipimo aliyashika magoti yake kwa mikono miwili, akatazama sakafu, pale waya wa pasi ulipokuwa ukiburuzika kwenda na kurudi.

"Chai iko tayari," alisema yule mama. "Utakunywa, au una haraka?"

Alikunywa chai yote, kwa sababu hakujua angeikataa kwa uso gani.